Mafundo Saba Chini ya Dashibodi

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa dada yake fundi na injini ilikuwa imezimwa, lakini ile taa ndogo ya injini kwenye dashibodi bado ilikuwa inawaka, ya manjano, imetulia kama jicho la paka aliyeshiba.

"Imeanza lini?" fundi aliuliza.

"Tangu ninunue gari, wiki ya tatu sasa. Mdogo wangu, niangalizie haraka. Mama anapasuliwa saa kumi leo, sitaki lituzimikie njiani."

Mama yao alikuwa ameketi kwenye benchi la gereji, amepakata bahasha ya karatasi za hospitali. "Usimharakishe," alisema. "Huyu hata kuzaliwa alichelewa."

Fundi alicheka. Watu walimwita Polepole, wala hakuchukia, maana gari lililotoka mikononi mwake halikurudi na ubovu uleule. Alipiga magoti penye mlango wa dereva, akaanza kwa utaratibu wake. Taa ile hupata moto kutoka kwenye betri kupitia swichi ya ufunguo. Upande wa pili, waya mmoja mrefu huenda hadi kwenye kompyuta ya gari, na kompyuta ndiyo huamua iwake au izimike. Basi alichomoa ule waya kwenye kompyuta. Taa ikaendelea kuwaka. Labda waya umechubuka, unagusa bodi, aliwaza. Akachomoa fyuzi. Taa ikaendelea kuwaka. Akaenda mbele, akafungua betri yenyewe, akaitua sakafuni, akarudi kuchungulia.

Taa ilikuwa inawaka.

Aliweka mita ya kupimia umeme. Mita ilisoma sifuri.

Hakumwambia dada yake. Ilikuwa saa saba mchana, jua limejaa uani, na fundi rangi wa jirani alikuwa anapiga mluzi. Mtu mzima ataanzaje kuogopa kitaa cha ukubwa wa punje ya hindi? Akaingiza mkono chini ya dashibodi, akaufuata waya kwa vidole, taratibu, mpaka vikagusa kitu laini.

Kilikuwa kiungo cha waya. Badala ya utepe mweusi, kilikuwa kimefungwa kwa kitambaa cheupe chenye mafundo saba, na kitambaa kilikuwa na joto kama shavu la mtoto mwenye homa.

"Aliyefanya hii kazi alikuwa fundi cherehani," alinong'ona, ili asikie sauti ya mtu.

Mwingine angeutoa mkono hapo hapo. Lakini kwa fundi wa umeme kiungo kibaya ni kama mchanga ndani ya jicho, hawezi kukiacha. Alikikata chote, kitambaa kikaanguka sakafuni. Akachuna ncha za waya, akazisokota, akazilehemu, akazivisha mpira. Kazi safi, ya kumwonyesha mtu.

Taa ikazimika.

Papo hapo alisikia pumzi ndefu, kama ya mtu aliyetua mzigo aliotembea nao siku nyingi, na gari zima likanuka udongo wa kisimani. Akajisemea kwamba mpira wa pampu ya upepo umevuja. Akarudisha kila kitu mahali pake, akawasha injini, na taa ikawaka kidogo kisha ikazimika, kama inavyotakiwa.

"Mikono yako ibarikiwe," dada yake alisema. Walimsaidia mama kuingia kiti cha nyuma. Kisha dada, kwa furaha, akampigia simu mwalimu mstaafu aliyemuuzia gari, akaweka sauti ya wazi ili wote wasikie. "Mwalimu, ile taa iliyokushinda, mdogo wangu ameizima."

Mzee akauliza kwa sauti ya chini, "Amekata kile kitambaa?"

"Nimekikata," fundi alijibu.

"Binti, si nilikuambia usiiguse?"

"Nilidhani unaficha injini mbovu, Mwalimu."

"Injini ni nzima. Mganga aliyemfunga huyo pepo alisema, taa ikiwaka, ujue yumo ndani ya waya. Ikizimika..." Mzee alikohoa. "Ndani ya gari kuna mtu?"

Kabla hawajajibu, mama alisema kutoka nyuma, kwa upole, kama anavyosema siku zote, "Wanangu, mwambieni huyu asogee kidogo. Ananibana, na mwili wake ni wa baridi."

Fundi alifungua mlango akamshika mama makwapani na kumtoa, huku bahasha ikidondoka na karatasi zikitawanyika miguuni, huku akijitahidi asitazame kile kiti, ambacho mama alikuwa amekwisha kukiacha na bado kilikuwa kimebonyea mahali pawili. Akaokota kitambaa sakafuni. Kilikuwa cha baridi, na mafundo yote saba yalikuwa yamefunguka yenyewe.

"Mwalimu, mganga huyo yuko wapi?"

"Tulimzika mwaka jana," mzee alisema, na simu ikakatika.

Madaktari wasingesubiri. Dada alisimamisha teksi barabarani, wakamwingiza mama upande mmoja, yeye akazunguka akaingia upande wa pili. Fundi aliufunga mlango wa gereji, akaliacha lile gari huko ndani peke yake, na moyo ukaanza kumtulia. Huyo anakaa garini tu, alijiambia, na gari linabaki. Akakimbilia teksi, akashika mlango wa nyuma ili akae na mama yake.

Dereva alitupa jicho kwenye kioo.

"Kaka, panda mbele," alisema. "Huko nyuma wameshajaa watatu."

Mama alikuwa dirishani, amejikunja na kuvuta gauni lake, kama mtu anayempa mwenzake nafasi.