Wimbo wa Malkia na Vifungo Vyake

Siku walipokutana, duka la vitambaa lilikuwa limefurika watu, huyu anavuta, yule anapapasa. Fundi mmoja wa mavazi, msichana mwembamba mwenye ulimi mkali, ambaye wenzake walimwita Sindano, alikuwa akichagua hariri ya samawati alipomwona kijana mbele yake, suruali imechanika nyuma, na mwenyewe hana habari.

"Kaka, usigeuke."

"Kuna nini?"

"Umefungua dirisha. Simama hivyo hivyo."

Akamshonea palepale kwa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye ukosi wa gauni lake la maua. Kijana alicheka kwa aibu. Alikuwa mtunzi wa nyimbo, na wakati ule alitunga nyimbo za mchezo wa jukwaani kutokana na ile hadithi ya kale waliyolalia watoto wote: binti anaingia ndani ya chungu, anatokea nchi ya chini, ambako Malkia mmoja mkali huwanyang'anya watoto sauti zao.

"Utatushonea mavazi?"

"Utanilipa nini?"

"Moyo."

"Moyo haununui uzi, mpenzi."

Lile "mpenzi" lilimtoka kwa utani, likakaa kwa kweli. Wakawa wa simu kila jioni. "Umelala, Sindano wangu?" "Nimelala. Anayeongea ni mto." Jioni moja walipoketi pamoja, Sindano akamfungulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: mama yake alipofariki, alikuwa akijificha chini ya cherehani ya shangazi yake, akiongea na vifungo kana kwamba ni ndugu zake. Mtunzi alimshika mkono.

Basi siku ya mazoezi Sindano akapeleka mavazi ukumbini. Hajavuka mlango, akamsikia Malkia akiimba: *Njooni vifungo vyangu, ninyi hamfi, ninyi hamniachi.* Mwimbaji, mwanamke wa vituko, alikuwa amekodoa macho akibusu kifungo, na watu hoi kwa kicheko. Mtunzi alikuwa kwenye kinanda, kainamisha kichwa, mabega yanatikisika. Sindano aliyaona yale mabega, yakamtosha. Akaweka nguo chini, akaondoka.

"Muulize kwanza," shangazi yake alimwambia.

"Shangazi, mwiba ukikuchoma huuhoji."

"Hasira hasara, mwanangu."

"Basi tupate hasara wote."

Mtunzi mwenyewe ndiye aliyekuwa aimbe sehemu ya Ndege, yule anayemtoa binti chunguni, na wimbo wake una sauti moja ndefu inayotaka kifua kizima. Fundi anayewashonea waimbaji humpima mtu akiwa amejaza pumzi. Siku ya kumpima koti lake, Sindano alimpima akiwa ameishusha pumzi, kisha akapunguza tena mbavuni na kurudia mshono ushike.

"Koti linabana kidogo," mtunzi akasema kwenye simu.

"Ndivyo linavyopendeza, mpenzi." Sauti tamu kama asali.

Alasiri ya onyesho ukumbi ulijaa watoto. Ndege akatokea, samawati inang'aa. Akafika kwenye ile sauti ndefu. Kifua kikataka kupanda, koti likakataa. Kilichotoka ni mlio wa bawaba iliyokosa mafuta. Watoto walicheka mpaka wakaanguka vitini. Nyuma ya pazia Sindano akaonja kisasi, na kilikuwa kitamu kweli, asidanganywe mtu.

Mtunzi akamfuata chumba cha kubadilishia nguo, koti amelipindua.

"Wewe hukosei kipimo."

"Sikukosea."

"Nimekufanya nini?"

"Waulize vifungo."

Mtunzi akakaa juu ya sanduku. "Ulidhani nacheka?"

"Mabega yalicheka."

"Nilikuwa nalia! Niliutunga uwe wa huzuni, yule bibie akaugeuza kichekesho, na mwenye ukumbi akasema ubaki hivyo hivyo."

"Na ruhusa yangu uliiomba kwa nani?"

Mtunzi akaliweka koti chini. "Nimekosa. Nitauondoa."

"Uuondoe baada ya watu kunicheka? Thubutu! Kesho utauimba wewe. Na gauni la Malkia utavaa wewe."

"Gauni?"

"Na taji."

"Watanizomea!"

"Ndiyo raha yake."

Kesho yake bibie alipewa sehemu ya Ndege, akanuna mpaka midomo ikachoka. Mtunzi akatoka na gauni la zambarau, fupi, miguu yenye vinyweleo nje nje. Watoto wakazomea, wakapiga miluzi. Akasubiri. Kisha akakiweka kifungo kiganjani, akakiimbia polepole kama anayembembeleza mtoto mwenye homa. Kicheko kikapungua, kikaisha. Mtoto mmoja akaanza kumlilia mama yake. Sindano, aliyekuja na dhihaka mdomoni, akajiona tena chini ya cherehani, na safari hii pana mtu ameketi naye.

Makofi yalikuwa bado yanalia simu ya Sindano ilipoita. Ni mtunzi, upande wa pili wa jukwaa.

"Umenisamehe?"

"Bado."

"Nataka kukuoa."

"Na gauni hilo? Nani anamwoa mwenzake hapo?"

"Sindano, sitanii."

Sindano akapangusa macho kwa kiganja. "Nimekubali. Lakini sijasamehe, nimeahirisha tu. Kisasi cha siku mbili hakijanitosha. Nataka cha maisha yote, na ukae nyumba moja nami nisipate tabu kukutafuta."