Vidonge Ndani ya Kiatu cha Baba

Kila alipotoka shule, Chiriku alivua viatu mlangoni na kuingia kwa kunyata. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Usiku kucha alisimama mbele ya tanuri, na mchana, watu wakipiga soga nje, yeye ndiyo kwanza anautafuta usingizi. Sasa baba alikuwa amelazwa hospitalini na kitanda chake kilikuwa kitupu, lakini Chiriku bado alinyata. Aliogopa kuacha. Kuacha kungekuwa kukubali kwamba mle ndani hakuna tena mtu wa kuamshwa.

Jina la Chiriku alipewa na baba mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Hata hivyo, lilikuwapo jambo moja ambalo hakuwahi kulitoa. Chini ya kitanda, ndani ya kiatu cha zamani, baba alificha vidonge vya usingizi. Vilipokwisha, alimtuma Chiriku kwenye duka la dawa la jirani, ambako hawakudai cheti cha daktari. "Mama yako asijue, atanisumbua bure," alimwambia. "Najua mdomo wako, lakini kwa hili nakuamini." Chiriku akavimba kichwa kwa kuaminiwa, akanyamaza.

Kisha nimonia ikamwangusha baba kazini. Madaktari walimwekea mpira kooni, mashine ikawa inampumulia, na dawa za kumlaza zikapitishwa mshipani ili asihangaike na mpira ule.

Jumamosi asubuhi mama na Chiriku walikwenda kumwona. "Zungumza naye," muuguzi alimwambia Chiriku. "Dawa zimemlaza, lakini huenda anakusikia. Sasa tunazipunguza kidogo, tuone kama ataamka apumue mwenyewe."

Baada ya muda baba alifumbua macho. Chiriku alitabasamu, kisha tabasamu likamkauka. Macho yale yalimpita, yakakodolea kitu nyuma ya bega lake. Aligeuka, akaona ukuta mtupu. Baba alianza kutetemeka, jasho likamtiririka, akaushika mpira kutaka kuung'oa. Mashine ikapiga kelele. Ikabidi wamrudishie dawa.

"Ni hivi kila tukijaribu," daktari alimwambia mama nje ya mlango. "Mapafu yanapona, lakini akiwa katika hali hii hatuwezi kumtoa kwenye mashine. Na akikaa humo sana atazidi kudhoofika, tunaweza kumpoteza. Nakuuliza tena, mama, hakuna dawa aliyokuwa akitumia nyumbani? Au pombe?"

"Pombe hagusi, daktari. Dawa, labda ya kichwa tu."

Chiriku, aliyesimama kando ya mama, alitazama sakafu. Akisema, atakuwa amemsaliti baba. Tena watajua nani alikuwa akinunua vile vidonge. Je, kama ni vidonge hivyo vilivyomfikisha hapa?

Mlio wa mashine ulimfuata hadi nyumbani. Aliusikia kwenye bomba lililokuwa likidondosha maji, akaenda kulikaza, akausikia tena. Alipojilaza aliyaona macho ya baba yakitazama nyuma ya bega lake, na safari hii hakuthubutu kugeuka. Mwishowe aliinama chini ya kitanda, akakitoa kile kiatu, akakipeleka jikoni pamoja na vidonge vyake.

"Mama, usinipige kwanza," alisema. "Nisikilize."

Mama alisikiliza hadi mwisho, ameketi kwenye kigoda, kiatu mapajani. Hakumpiga. "Vaa viatu," alisema. "Twende."

Daktari alisoma jina la vidonge, akashusha pumzi. "Alimeza kila siku?"

"Kila siku," Chiriku alijibu. "Siku za mwisho viwili viwili."

"Basi sababu ndiyo hii. Mwili uliozoea dawa hii ukinyimwa ghafla, huidai. Mtu hutetemeka, hutoka jasho, huona visivyokuwepo. Sisi tulishaanza kuhofia kwamba ubongo umeumia. Sasa tutampa dawa ya aina hiyohiyo, kisha tuipunguze kidogo kidogo."

"Ni mimi niliyemletea ugonjwa?" Chiriku aliuliza.

"Nimonia hukuileta wewe, mwanangu. Lakini tungejua mapema, asingeteseka hivi."

Haikuwa kazi ya siku moja. Lakini ilifika asubuhi ambayo baba alifumbua macho, na macho yakamtazama Chiriku mwenyewe. Mpira ulipotolewa, sauti yake ilikuwa ya kukwaruza.

"Nilikuwa ndani ya tanuri," alinong'ona. "Mlango umefungwa. Nyuma yako wamesimama watu wasio na nyuso. Wewe unanitazama tu. Nikajiuliza, Chiriku wangu ana nini leo, mbona hasemi?"

Machozi yalimtoka Chiriku. "Si uliniambia nisiseme, baba?"

Baba alimtazama mama, kisha akamshika mtoto wake mkono.

"Nilikosa," alisema. "Vile vidonge nilivimeza bila kumwuliza daktari, halafu nikakubebesha wewe siri ya mtu mzima. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chenyewe nusura kiwe chenu. Mtu akikupa siri inayogusa uhai wa mtu, usiitunze. Hata kama mtu huyo ni mimi, iseme mapema."

Siku aliyorudi baba nyumbani, Chiriku alivua viatu mlangoni na kuingia kwa kunyata, kama alivyozoea.

"Nani huyo?" baba aliita kutoka kitandani. "Hebu rudi uingie vizuri. Nataka kusikia kwamba kuna mtu."

Chiriku alirudi nje, akavaa viatu vyake, akaingia akikanyaga kwa nguvu.