Adolphine na Mkate wa Komunyo

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Adolphine aliosha sufuria yake ndogo, hata kama ilikuwa imeoshwa usiku. Aliisugua kwa jivu, akaisuuza, kisha akachemsha humo viazi vitamu. Alikula karibu na mlango, mbali kidogo na wadogo zake waliokuwa wakichovya mandazi katika chai. Sufuria ile, sahani yake na kijiko chake havikuguswa na mtu mwingine yeyote pale nyumbani kwao, katika mji wa Baraka.

Hayakuwa majivuno. Tangu utotoni Adolphine alikuwa ameugua tumbo. Lilivimba, likaharisha, na miguu yake ikabaki myembamba kama mabua. Dawa za minyoo hazikusaidia. Majirani wengine walinong'ona kwamba mtoto amerogwa. Mwishowe baba yake, ambaye ni mvuvi, alimpeleka mpaka Bukavu. Huko daktari alimpima damu na utumbo, kisha akawaeleza.

"Mtoto huyu ana ugonjwa uitwao siliaki. Ndani ya ngano na shayiri kuna kitu kinachoitwa gluteni. Watu wengi hakiwadhuru. Lakini kwake yeye, kikiingia tumboni, mwili wake wenyewe unaushambulia utumbo. Hakuna kidonge cha kuuponya. Dawa ni kutokula ngano kabisa. Hata unga kidogo uliobaki kwenye karai utamwumiza."

Tangu siku hiyo Adolphine alikula bugali wa muhogo, samaki wadogo waitwao ndakala, sombe ya majani ya muhogo, wali na maharage. Aliongezeka mwili, akarefuka, akaanza kukimbia uwanjani pamoja na rafiki yake Arlette. Watu wakaacha kunong'ona.

Alipotimiza miaka kumi na miwili, yeye na Arlette waliingia katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Mama yake, Mama Immaculée, alianza kumshonea gauni jeupe. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka siku ambayo katekista Isidore aliinua hostia moja mbele ya watoto.

"Hii bado haijabarikiwa," alisema. "Ni mkate. Unatengenezwa kwa ngano safi na maji, hakuna kingine."

Adolphine alikumbuka maneno ya daktari. Maneno mengine ya katekista hakuyasikia.

Njiani Arlette alimwuliza, "Mbona umenyamaza hivi?"

"Kichwa kinauma," Adolphine akajibu, ingawa kichwa hakikuuma.

Alichokuwa nacho ni woga. Akisema, katekista atamwondoa miongoni mwa watoto wa Komunyo. Na watu watasemaje juu ya mtoto asiyeweza kupokea mwili wa Bwana? Bila shaka watarudia maneno yale ya zamani, kwamba amerogwa. Usiku aligeuka huku na huku kitandani. Asubuhi mama yake alipompima gauni, Adolphine alitazama chini.

"Hostia ni nyembamba kama karatasi," alijiambia. "Labda haitanidhuru."

Jumamosi, katekista Isidore aliwapanga watoto mbele ya altare kwa mazoezi. Aliwapa kila mmoja hostia isiyobarikiwa ili wajifunze kupokea bila kutafuna. Zamu ya Adolphine ilipofika, alisogea mbele. Alifungua kinywa. Hostia ilitua juu ya ulimi wake, ikayeyuka. Alikimbia nyuma ya kanisa ili aiteme, lakini hakukuwa na kitu tena cha kutema.

Kabla ya jua kuzama, tumbo lilianza kumkata. Alitapika, akaharisha, akatapika tena. Kesho yake hakuweza kusimama. Mama yake aliketi kando yake kitandani, akamfuta uso kwa kitambaa chenye maji.

"Mutoto wangu, umekula nini?"

"Sikukula kitu, mama."

"Fikiri vizuri. Hakuna mutu alikupa biskuti? Hakuna mukate?"

"Hapana."

Mama Immaculée alipekua jiko lote. Alinusa unga wa muhogo, akamwaga chumvi na kuweka nyingine, akawauliza wadogo mmoja mmoja. Kisha akakumbuka kitu. Jumamosi, baada ya mazoezi, Adolphine alikuwa amekula muhogo wa kukaanga kwa jirani yao, Mama Marie-Rose.

Mama Marie-Rose alikuwa amekimbia kutoka Burundi pamoja na watoto wake. Kwao alikuwa mkulima. Hapa Baraka alikaanga mandazi kando ya barabara. Alimpenda sana Adolphine. Kwa ajili yake alitenga karai dogo, akalitundika juu ukutani ili vumbi la unga wa ngano lisilifikie.

Adolphine akiwa kitandani alisikia sauti ya mama yake kutoka barabarani.

"Mama Marie-Rose, ulikaangia mutoto wangu muhogo katika mafuta ya mandazi!"

"Hapana, Mama Adolphine. Karai yake ile pale, naitundika juu. Na mafuta yalikuwa mapya."

"Basi, nani alimugonjesha? Mi nilikuamini!"

Watu waliokuwa wakipita walisimama. Mama Marie-Rose alisema kwa sauti ya chini, "Sisi wakimbizi, kila kibaya kinaangukia juu yetu."

Adolphine alivuta shuka mpaka kichwani. Alitaka kupiga kelele aseme, "Si yeye!" Lakini kama angesema hivyo, angelazimika kusema mengine yote. Akanyamaza. Tumbo lilimwuma, na sasa kulikuwa na kitu kingine kilichomwuma kuliko tumbo.

Habari ilienea haraka. Sokoni ilisemwa kwamba mafuta ya yule Mrundi yana sumu. Adolphine alipopata nguvu kidogo, alijikokota mpaka mlangoni na kutazama barabara. Wakati wa mchana, beseni la Mama Marie-Rose kwa kawaida lilikuwa tupu. Siku hiyo lilikuwa limejaa mandazi mpaka juu. Wanafunzi walipita upande wa pili wa barabara. Mama Marie-Rose aliwafukuza nzi kwa kitambaa, akatazama mbali.

Adolphine alirudi ndani, akamkuta mama yake akichambua majani ya muhogo.

"Mama," alisema, na machozi yakamtoka kabla ya maneno. "Si Mama Marie-Rose. Ni mimi. Nilipokea hostia ya mazoezi. Hostia ni ngano."

Majani yalimponyoka mama yake mikononi.

"Ngano? Na ulijua?"

"Nilijua. Niliogopa kuondolewa. Niliogopa watu watasema tena nimerogwa."

Adolphine alingoja hasira, lakini mama yake alimvuta kifuani, akamkumbatia. Kisha akasimama, akajifunga kitenge vizuri.

"Twende," alisema.

Walivuka barabara. Mama Immaculée hakumwita jirani yake pembeni. Alisimama mbele ya beseni, mahali ambapo kila mpita njia angemsikia.

"Mama Marie-Rose, nilikukosea. Nilisema mubaya mbele ya batu, na mbele ya batu nakuomba musamaha. Mafuta yako haina kosa. Mutoto alikula ngano pahali pengine."

"Nisamehe, Mama Marie-Rose," Adolphine akasema. "Nilikusikia ukilaumiwa, nikanyamaza."

Mama Marie-Rose aligeuza mandazi katika karai. Aliyatoa, akaweka mengine.

"Mama Adolphine," alisema mwishowe, "sogeza mutoto nyuma. Upepo unaleta unga upande wake."

Mama Immaculée alifunika uso kwa mikono, akalia. Halafu alikaa kando ya jirani yake, akauza mandazi pamoja naye mpaka beseni likawa tupu.

Kesho yake mama na binti walikwenda kwa Padri Fabien, kiongozi wa parokia. Aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikuambia kwamba utaondolewa?" alimwuliza Adolphine.

"Hakuna, Padri. Niliwaza mwenyewe."

"Ungeuliza, usingeteseka. Wapo Wakristo wengine wenye ugonjwa kama wako. Asiyeweza kupokea mkate hupokea divai peke yake, na Bwana yumo mzima humo. Utakunywa katika kikombe."

Adolphine alishusha pumzi, lakini mama yake alikunja uso.

"Padri, samahani. Kila Jumapili naona unavunja kipande cha hostia na kukitia ndani ya kikombe."

Padri Fabien aliitikia kwa kichwa. "Umesema kweli, mama," alijibu. "Sikulifikiria hilo. Basi tutamwekea kikombe chake kidogo, kikiwa kimefunikwa. Hakuna hostia itakayokikaribia."

Siku ya Komunyo kanisa lilijaa. Adolphine katika gauni lake jeupe alikuwa na wasiwasi. Padri mzee, jina lake Padri Nicolas, alikuwa amewasili kutoka Mboko kusaidia kugawa Komunyo, wakati nyimbo zimekwisha kuanza. Padri Fabien hakupata nafasi ya kumweleza chochote.

Zamu ya Adolphine ilipofika, katekista Isidore alimletea kikombe kidogo na kukifunua. Lakini aliyesimama mbele ya Adolphine alikuwa Padri Nicolas. Yule mzee aliona kikombe cha divai, akadhani huyu ni mtoto wa kuchovyewa, kama alivyozoea kuwafanyia wagonjwa. Alichukua hostia, akaishusha kuelekea kwenye divai.

Adolphine aliona vidole vile vikishuka. Nani atamkataza padri mbele ya altare? Kisha akanyoosha kiganja, akafunika kikombe.

"Samahani, Padri. Usichovye. Ni ngano. Nitagonjwa."

Mabenchi ya mbele yakaanza kunong'ona. Padri Nicolas alimtazama, uso wake umejaa mshangao. Padri Fabien alikuja haraka, akamnong'oneza sikioni. Mzee aliirudisha hostia mahali pake, akasogea nyuma kabisa, akaificha mikono yake nyuma ya mgongo kama mtoto. Katekista Isidore, ambaye mikono yake haikuwa imegusa hostia, ndiye aliyempa Adolphine kikombe.

"Damu ya Kristo," alisema Padri Fabien.

"Amina," akajibu Adolphine, akanywa.

Nyumbani sherehe ilikuwa tayari. Mama Immaculée na Mama Marie-Rose walikuwa wamepika wali, samaki na maharage, na siku hiyo hakuna ngano iliyoingia katika ua ule. Lakini Adolphine hakucheza na wenzake. Alikaa kwenye kigoda, mkono tumboni, akingoja maumivu. Je, kama chembe moja iliangukia ndani ya divai?

Alasiri Padri Nicolas alikuja kwa miguu, akiegemea fimbo.

"Tumbo linasemaje?" aliuliza hata kabla ya kusalimia.

"Limetulia, Padri."

"Asante, Mungu! Tangu asubuhi sina raha." Alikaa, akawaita watoto wote waliokuwa uani. "Sikilizeni, wanangu. Leo huyu Adolphine alinikataza mbele ya watu, nami ni padri na ni mzee. Je, alinivunjia heshima?"

Watoto walitazamana.

"Hapana. Kama angenyamaza, ningemwumiza kwa mkono wangu, na ningelia baadaye. Ugonjwa si aibu. Anayekupenda hawezi kukulinda kama hajui unaumwa nini. Mwambieni mama, mwambieni mwalimu, mwambieni padri. Ukificha, unaumia wewe, na pengine anaumia hata jirani asiye na kosa."

Mama Marie-Rose aliinamisha kichwa, kisha akatabasamu. Alimletea Adolphine sahani yake, imejaa wali na samaki.

"Kula, mutoto wangu," alisema. "Karai niliosha mara mbili."

Adolphine aliondoa mkono tumboni, akaanza kula.