Ukuta Uliopakwa Rangi Mpya

Kila asubuhi kwa siku tisa, Merlinda Magbanua na baba yake walikunja mkeka wao kabla wenyeji hawajaamka, wakanywa kahawa wakiwa wamesimama, kisha wakatoka kutafuta chumba. Walikuwa wamefikia kwa binamu ya baba huko Quezon City, Ufilipino, katika chumba kimoja cha watu saba. Hakuna aliyewafukuza, lakini watoto wa binamu walikuwa wameanza kuuliza wageni wanaondoka lini.

Baba yake, Mwalimu Nestor, alikuwa amefundisha kemia katika sekondari moja ya kisiwani kwao Panay kwa miaka kumi na minne. Mwaka huo alipata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamili mjini. Ufadhili ulilipa ada na posho ndogo tu. Mama alikuwa Taiwan akitunza wazee, na Merlinda, mwenye miaka kumi na miwili, hangeweza kuachwa peke yake. Hapo ndipo ugumu ulipoanzia. Vitanda vya kupanga katika vyumba vya pamoja vilikuwa vingi karibu na chuo, lakini nyumba za wanaume hazikupokea msichana, na nyumba za wasichana hazikumpokea baba. Vyumba vya familia navyo vilikuwa vya bei ya kumeza posho yote.

"Huyo mtoto wako ana miaka mingapi?" mwenye nyumba mmoja aliuliza.

"Kumi na miwili, mama."

"Hao ndio wanaonimalizia maji," yule mama akasema, akafunga mlango.

Siku ya nane Merlinda alimsikia baba akizungumza na mama kwa simu. "Kesho kutwa nikiwa sijapata chumba, tunarudi nyumbani," alisema. "Nafasi atapewa mwingine. Hakuna neno." Aliyasema kwa utulivu, lakini baada ya kukata simu alikaa muda mrefu akiitazama barua ya chuo.

Kesho yake muuza mboga aliwaelekeza kwa Bi Pacita, mjane aliyepangisha chumba cha chini cha nyumba yake, kando ya kijito. Kodi yake ilikuwa karibu nusu ya zile walizozisikia kwingine. Chumba kilikuwa na kabati la chuma, dirisha dogo na kuta zilizong'aa kwa weupe.

"Nimepaka rangi juzijuzi," Bi Pacita alisema. "Ila dirisha halifunguki lote, lina kutu."

Wakubwa walipotoka kuangalia bomba, Merlinda alichungulia nyuma ya kabati. Rangi haikufika huko. Ukuta ulikuwa na madoa meusi ya ukungu, na alipougusa, vidole vyake vililowa. Kifua kikaanza kubana. Alikuwa na pumu tangu akiwa mdogo, na daktari wa kwao alikuwa amemkataza vyumba vyenye unyevu.

Baba akaingia. "Inday," alisema, kama wazazi wa kwao wanavyowaita mabinti zao, "naona pana harufu kidogo humu. Kifua kinasemaje?"

Merlinda alisimama mbele ya kabati. Aliifikiria ile barua ya chuo.

"Kiko sawa, baba. Ni harufu ya rangi tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Walihamia siku hiyohiyo.

Baba alianza masomo, Merlinda akaanza shule mpya. Kila asubuhi alijifungia chooni akavuta dawa yake ya pumu, kwanza mara moja, baadaye mara tatu. Alijizoeza kukohoa ndani ya taulo. Mwalimu wa michezo alipowaambia wakimbie, alisema kiatu kinambana. Baba alipouliza kama dawa bado ipo, alijibu kwamba haijatumika hata nusu. Siku ile kichupa kilikuwa kimebaki na mvuto mmoja au miwili.

Jumanne ya wiki ya tatu, baba akiwa ameshaondoka, Merlinda alikwenda kuchota maji. Ndoo hakuifikisha mlangoni. Bi Pacita, aliyekuwa akianika nguo, alimkuta amekaa chini, mabega yakipanda na kushuka, midomo imebadilika rangi.

"Dawa yako iko wapi, mjukuu wangu?"

"Imeisha," Merlinda alijibu kwa shida. "Tangu juzi."

Bi Pacita aliacha nguo zikielea kwenye beseni. Alisimamisha pikipiki ya kiti cha pembeni, akampakata Merlinda mpaka zahanati, huku akimwambia dereva kila kona, "Twende, mwanangu, usisimame."

Baba alipofika baada ya kupigiwa simu, bado amevaa koti la maabara, pumzi za bintiye zilikuwa zimeanza kutulia.

"Hali hii imeanza lini?" muuguzi aliuliza.

"Leo asubuhi," baba akasema.

"Siyo leo." Merlinda alisogeza pembeni barakoa ya kuvutia dawa iliyokuwa usoni mwake. "Tangu siku tuliyohamia." Akaeleza habari ya madoa, ya chooni na ya kichupa, macho yake yakiwa kwenye shuka. Baba alisikiliza bila kumkatiza, na alipomaliza, akamrudishia barakoa usoni.

Aliyezungumza ni Bi Pacita. "Mwalimu, na mimi nina langu. Ule ukuta nilijua. Kijito kilifurika mwaka jana, maji yakaingia hadi magotini. Nilipaka rangi ili mpangaji asione. Mtoto kaficha siku kumi na nane, mimi nilianza kabla yake."

"Kwa nini hukutuambia?" baba aliuliza.

"Ningewaambia, mngepanga?"

"Tusingepanga."

"Basi ndiyo sababu." Bi Pacita alifuta uso kwa mkono wa blauzi yake. "Na ni sababu mbaya. Juu kuna chumba kikavu. Kimejaa vitu vya mwanangu. Kila mwaka anasema atarudi kutoka Kanada, na kila mwaka namfutia vumbi. Njooni mnisaidie kuvitoa."

Iliwachukua siku mbili. Kitanda na meza vilinunuliwa na majirani. Picha za mwanawe Bi Pacita alizihamishia chumbani kwake, moja moja, wala hakuna aliyemharakisha. Madirisha mawili ya juu yalifunguka yote. Kodi ilipanda kidogo, na baba akaanza kubeba wali na samaki wakavu kwenda chuoni badala ya kununua chakula.

Walipokuwa wakipandisha mizigo ya mwisho, baba alisema, "Darasani nilikuwa nawakataza wanafunzi kubadili vipimo ili jibu litoke zuri. Wewe ulinipa kipimo cha uongo, Inday. Nikakitumia kukuchagulia pa kulala."

"Nilitaka usome, baba."

"Najua, na ulinihurumia. Lakini ukificha ugonjwa, anayekupenda anakosa njia ya kukusaidia, na ugonjwa haungoji. Ukweli ukiwa mbaya, niletee hivyohivyo ulivyo. Tutaubeba wawili."

Merlinda alipanda ngazi tatu zaidi, mto mikononi. Kisha akasimama.

"Baba, ngazi hizi zinanichosha."

Baba aliteremsha sanduku begani, akaliegemeza ukutani. Wakakaa kwenye ngazi, mmoja kidato cha juu, mwingine cha chini yake, mpaka pumzi za Merlinda zikarudi sawasawa.