Simu ya Tatu

Kila alipotoka shuleni, kabla hata ya kuvua viatu, Swabra alifunga madirisha ya sebule yaliyotazama barabara. Ng'ambo ya pili palikuwa na karakana ya kuchomelea milango ya chuma, na makelele yake yalimsumbua mama. Kisha aliinjika chai, akamimina kikombe kimoja, akakiweka mezani mbali na karatasi. Mama yake, Bi Safiya, aliinua kidole kimoja kumshukuru bila kuvua visikizio masikioni. Vidole vingine havikuacha kupiga chapa.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya mama. Kampuni moja ya Nairobi ilimtumia kwa intaneti sauti za wagonjwa wakizungumza na madaktari, naye akasikiliza, akaandika kila neno, akarudisha. Mwaka huo wa 2009 watu wengi wa Machakos hawakuamini kwamba kazi ya aina hiyo ipo.

"Hulimi, huuzi, unakaa tu nyumbani, na unalipwa?" jirani yao Nthambi alimuuliza siku moja. "Ai, Mama Swabra! Nifunze na mimi."

Tangu Jamal, baba yake Swabra, afariki, kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Mama alikuwa katika eda, ile miezi minne na siku kumi ambayo mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani baada ya kufiwa na mumewe. Hakuweza kujitanda buibui akaenda kufanyia kazi saiba, duka la intaneti la mjini. Wala hakuweza kumtuma mtu, kwa sababu kampuni ilikataza siri za wagonjwa zifunguliwe mahali pa watu wengi. Alitegemea intaneti ya nyumbani, basi.

Majuma machache nyuma, kampuni ya simu ilitangaza kwamba ingewaongezea wateja wake kasi ya intaneti. Fundi wao, kijana mmoja aitwaye Musili, akaja na modemu mpya. Mama alibaki chumbani, pazia limeshushwa, kwa kuwa mwenye eda haketi na wanaume wa kando. Mjomba Shaaban, kaka yake mama, alikuja kutoka dukani kwake kumfungulia fundi mlango, lakini simu ya mkononi haikumpa nafasi. Alikuwa barazani akigombana na mtu aliyemletea unga uliolowa. Swabra ndiye aliyebaki kumtembeza fundi.

"Sikiliza, msichana," Musili alisema, bisibisi mkononi. "Zamani mlikuwa na filta moja kubwa hapa waya unapoingilia. Hiyo naiondoa. Sasa kila simu ya nyumba itapata filta yake ndogo, kama hii. Sauti ya simu na intaneti zinapita kwa waya mmoja. Filta inazitenga ili zisigongane. Tuko pamoja?"

"Ndiyo."

"Haya. Simu ziko ngapi?"

"Hii ya sebuleni, na nyingine chumbani kwa mama."

"Ya mama nitakupa filta yake, uende uichomeke wewe. Ni rahisi. Hakuna nyingine?" Fundi aliutazama mlango uliofungwa mwisho wa ujia.

Nyuma ya mlango ule kulikuwa na chumba ambamo baba alikuwa akipokea wateja wake wa mahindi na maharagwe. Simu yake nyeusi ilikuwa bado mezani, na miwani yake kando, kama alivyoiacha. Baada ya mazishi wateja waliendelea kupiga, na kila kengele ilipolia ndani ya chumba kile kitupu mama aliziba masikio. Mwishowe akasema, "Swabra, nakuomba kaichomoe simu ya baba yako. Hizi mbili zinatutosha."

Swabra aliichomoa. Lakini baada ya siku chache aliirudisha kwa siri, akaizima kengele. Alipozidiwa na huzuni aliingia chumbani, akaketi kwenye kiti cha baba, akainua mkono wa simu na kuusikiliza mlio wake. Hakumpigia mtu. Alisikiliza tu, kisha akaurudisha.

Na sasa mtu mgeni mwenye viatu vya vumbi alitaka kuingia mle, asukume meza, asogeze miwani.

"Hakuna nyingine," Swabra akajibu. "Kile ni chumba cha stoo."

"Sawa," alisema Musili, akaanza kukusanya vifaa vyake. "Wewe ndiye unayeijua nyumba yenu."

Jioni ile ile intaneti ilianza kutambaa kama kinyonga. Sauti zilizokuwa zikifika kabla chai haijachemka sasa ziliingia nusu, zikakatika, zikaanza upya. Taa ya modemu iliwaka, ikazimika, ikawaka. Mama aliketi mbele ya kioo cha kompyuta akingoja, mikono mapajani, kama mtu aliye kwenye foleni ya hospitali. Aliporudisha kazi ilikuwa imechelewa. Ya pili ikachelewa pia.

Msimamizi wake wa Nairobi, Bi Katunge, alipiga simu. Swabra alisikia sauti yake ikivuja kutoka kwenye mkono wa simu.

"Safiya, dada yangu, najua uko kwa msiba na nakuonea huruma. Lakini daktari hangoji. Ya Jumamosi ikichelewa, itabidi kazi nimpe mtu mwingine. Usinikasirikie."

"Sitakukasirikia," mama alijibu. Alipoweka simu chini alikaa muda mrefu akijipangusa kiganja cha mkono kwa ncha ya kanga yake nyeupe.

Mjomba Shaaban alipopata habari alikuja mbio, na hakuhitaji fundi wa kumwambia ubaya uko wapi. Alimwita Hidaya sebuleni. Hidaya alikuwa binti wa dada yao mkubwa aliyeko Matuu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akaletwa kuishi nao mjini asomee kompyuta, na sifa yake kubwa mtaani ilikuwa kupenda nyimbo.

"Kampuni imeongeza kasi, nayo imepungua," mjomba alianza, akizunguka chumba. "Kasi hiyo inakwenda wapi? Inaliwa! Na mwenye kuila namjua."

"Mjomba, wallahi sijapakua hata wimbo mmoja tangu fundi aje!"

"Usimwapie Mungu kwa mambo ya nyimbo."

"Basi njoo uangalie kompyuta mwenyewe. Angalia!"

"Niangalie nini? Mimi nauza unga, sijui hayo. Ninachojua ni kwamba mama yako mdogo hali—" Alijikwaa kwa hasira. "Dada yangu hali, halali, kwa sababu yako. Jumamosi nakupeleka kwa magari ya Matuu. Utamsaidia mama yako kuuza maembe."

"Na kozi yangu?"

"Maembe nayo ni kozi."

Hidaya alimtazama mama mdogo wake, akitumaini neno. Bi Safiya alikuwa amechoka mno. "Kaka, tuangalie kwanza," alisema kwa sauti ndogo, lakini mjomba alikwisha kushika njia.

Swabra hakumjua mkosaji ni nani. Aliamini, au alijitahidi kuamini, kwamba huenda kweli ni nyimbo.

Asubuhi ya Jumamosi sauti ya mgonjwa ilianza kuingia kabla ya jua kuwaka, na kufikia saa tatu haikuwa imefika hata robo. Mama alitakiwa kuipokea, kuiandika na kuirudisha kabla ya magharibi. Katika chumba cha pili Hidaya alikuwa akikunja nguo zake moja moja, akizipiga kitandani kwa nguvu ili watu wasikie. Mjomba alikuwa amekwisha kufika, ameketi karibu na mlango na funguo za gari lake mkononi.

Mama alichukua simu ya mkononi, akaipigia kampuni, akaweka sauti ya nje. Mhudumu alijitambulisha kuwa Ngina.

"Nina mtoto hapa atakayefanya utakachosema," mama alimwambia. "Swabra, njoo."

Swabra alipiga magoti karibu na modemu. Aliizima, akangoja, akaiwasha. Hakuna badiliko. Alibadilisha waya wake. Hakuna badiliko. Ngina aliuliza kama kuna kompyuta nyingine inayotumia intaneti, na mjomba akadakia kutoka mlangoni, "Iko! Ya huyu msichana wa nyimbo!"

"Imezimwa tangu juzi!" Hidaya alipiga kelele kutoka chumbani. "Iko ndani ya begi! Mnataka nije niwaonyeshe?"

"Kama imezimwa haihusiki," Ngina alisema. "Sasa chomoa simu ya chumbani. Ndiyo. Sasa inua ile ya sebuleni, usikilize. Unasikia nini?"

Swabra alitega sikio. Mlio ulikuwepo, na chini yake kitu kingine. "Kuna mkwaruzo. Kama mahamri yanayokaangwa."

"Hapo! Huo mkwaruzo ni wa simu isiyo na filta. Iko moja kwa laini hiyo."

"Simu ni mbili tu," mama alisema. "Zote zina filta. Fundi wenu ndiye aliyezileta."

"Mama, hata ikiwa haitumiki," Ngina alisema. "Imekaa tu mahali, imechomekwa kwa ukuta. Hiyo pekee inatosha kuharibu."

"Mbili tu, binti yangu. Iliyokuwa ya tatu tuliichomoa."

Ngina alishusha pumzi. "Basi itakuwa ni waya wa huko nje. Nitaandikisha fundi aje, lakini mafundi wana kazi nyingi. Pengine wiki ijayo."

Wiki ijayo. Mama alifumba macho. Mjomba alisimama, akatikisa funguo. "Haya, Hidaya. Twende kabla gari la Matuu halijajaa. Waya wa nje au wa ndani, ukiondoka tutajua."

Hidaya alitoka na begi lake. Hakuwa akilia, na hilo ndilo lililomuuma Swabra kuliko kilio. Alimpita Swabra pale sakafuni, akamwekea mkono kichwani. "Kwaheri, mdogo wangu. Umtazame mama."

Swabra alihesabu akilini yale atakayopoteza: kiti, mlio, siri yake. Kisha aliuona mkono wa Hidaya ukigusa kitasa cha mlango.

"Imechomekwa!" alilia. "Simu ya baba! Mimi ndiye niliyeirudisha."

Kwenye simu ya mkononi Ngina aliuliza, "Hallo? Mko hapo?"

"Uliniambia niichomoe, nikaichomoa, halafu nikairudisha," Swabra aliendelea, machozi yakimdondokea mikononi. "Naingia kuisikiliza. Fundi aliniuliza nikamwambia ni stoo. Sikutaka aguse vitu vya baba. Sikujua kama itafanya hivi, mama. Lakini nilidanganya. Hidaya hajafanya kitu."

Mama alimtazama. Hakupandisha sauti. "Nenda ukaichomoe."

Swabra alikimbia. Aliporudi na kuinua simu ya sebuleni, mlio ulikuwa safi. Taa ya modemu iliwaka na kutulia. Kwenye kioo cha kompyuta mstari wa kijani unaoonyesha sauti imeingia kiasi gani, uliokuwa umekwama tangu alfajiri ulinyooka mbele ya macho yao mpaka ukafika mwisho, na sauti ya mzee mmoja asiyejulikana ikasema, "Daktari, nianzie wapi?"

"Alhamdulillahi," mama alisema, akavaa visikizio.

Aliandika kutwa nzima. Hidaya aliyekuwa na begi mlangoni sasa aliketi kando yake akisoma kila ukurasa na kutafuta makosa. Mjomba alijaribu kuwasaidia kwa kuleta maji mara kwa mara, hata mama akamwomba akae. Kazi iliondoka kwenda Nairobi mwanga wa jua ukiwa bado kwenye milima ya Iveti. Bi Katunge alijibu kwa maneno machache: imefika, ya Jumatatu iko njiani.

Mjomba Shaaban alivua kofia. "Hidaya," alianza, akakohoa. "Nilikuhukumu bila kuuliza. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mjomba. Lakini maembe utayauza wewe."

Hata mama alicheka, na kicheko chake kiliwashangaza, kwani hawakuwa wamekisikia tangu msiba. Kisha aliwaita Swabra na Hidaya wakae karibu naye.

"Swabra, kumlilia baba yako si kosa. Kama ungeniambia unataka kuisikiliza simu ile, ningekuja tuisikilize pamoja. Kosa lako ni kwamba fundi alikuuliza simu ziko ngapi, ukamficha moja. Na ulipomwona dada yako akibeba mzigo wako, ukanyamaza mpaka mlangoni."

"Nisamehe, mama. Nisamehe, Hidaya."

Hidaya alimvuta, akambana kwapani kama alivyozoea kumtania.

"Baba yako naye alificha," mama alisema. "Kifua kilimuuma miezi mingi. Nilipomuuliza alisema ni tumbo, asije akanitia wasiwasi. Nikampikia uji mwepesi, nikamnunulia dawa ya tumbo, naye akaimeza yote. Alifanya hivyo kwa mapenzi, kama wewe. Lakini daktari alipokuja kuujua ukweli, alisema tumechelewa."

Swabra hakuwahi kuyasikia hayo. Alimshika mama mkono.

"Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeyaona kwa macho yangu," mama alisema. "Anayekuja kukusaidia hawezi kutibu mahali ambapo hukumwonyesha. Awe ni daktari, awe ni mwalimu, awe ni fundi wa simu. Basi katika nyumba hii, kuanzia leo, mtu akiulizwa panauma wapi, aseme hapa. Hata kama anaona haya. Hata kama analia."

Adhana ya magharibi ilianza msikitini. Mama aliinuka kwenda kutawadha, na Swabra akainuka pamoja naye.