Zamu ya Kumbeba Mgeni

Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi, Fundi, mshona viatu, alinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akafungua vifungo vya shati na kukaa kwenye kigoda akisubiri kupewa mwanawe. Mama alimtoa kifuani pake mtoto aliyevaa nepi na kofia tu, akamsimamisha kwenye kifua cha baba, ngozi kwa ngozi. Kisha binti yao mkubwa alizungusha kitambaa kirefu mara mbili na kukaza fundo mgongoni. Baba alipofunga shati, kilichoonekana ni kofia ya sufu tu, ndogo kama chungwa.

"Mgeni amekaa sawasawa?" baba aliuliza.

"Amekaa, baba. Na anakoroma kukushinda wewe."

Mtoto alikuwa hajapewa jina. Walimwita Mgeni kwa kuwa alifika wiki saba kabla ya kutarajiwa, kitanda hakijatandikwa, nguo hazijafuliwa. Huyo binti mkubwa, mwenye miaka kumi na mitatu, naye aliitwa Cherehani, maana mdomo wake ukianza kushona maneno haukumbuki kukata uzi.

Kabla ya Mgeni kuzaliwa, mama alikuwa dobi. Alifua nguo za watu katika jengo la ghorofa lililokuwa ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa mabomba ya juu hayakutoa maji, alipandisha ndoo kwa ngazi mpaka ghorofa ya tatu. Nyumbani alipakua chakula cha baba, akapakua cha watoto, mwisho akakwangua sufuria na kusema, "Mimi nimeshiba." Akisikia kizunguzungu alishika ukuta, kikipita aliendelea na ndoo yake. Hakuna aliyejua, maana alikuwa mwanamke wa kujikaza.

Siku ya kujifungua ndipo mambo yalipojulikana. Mama alikuwa na upungufu mkubwa wa damu, na hata hiyo kidogo aliyokuwa nayo akapoteza nyingine. Mgeni alizaliwa na kilo moja na gramu mia saba. Fundi, ambaye hupima kila kitu kwa viatu, alisema jozi ya buti za kazi ina uzito zaidi. Zahanati haikuwa na mashine za kutosha ya kuwatia watoto joto, na iliyokuwepo ilikuwa na mtoto mdogo kuliko yeye. Kwa hiyo mkunga, mama mmoja mfupi mwenye sauti kubwa, aliwafundisha kumbeba kifuani.

"Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na mafuta chini ya ngozi," aliwaeleza. "Huyu ametoka kabla hajayapata. Msinifungie mtoto kwenye mablanketi mkaona mmemaliza kazi. Blanketi halitengenezi joto, linatunza lile lililopo, na yeye joto la kutunza hana. Lazima alipate mwilini mwenu, mchana na usiku. Na wewe Fundi, harufu ya gundi isimfikie kabisa."

Amri hiyo ya gundi ilikuwa nzito. Fundi alisifika kwa kubandika soli, lakini sasa akiwa na Mgeni kifuani alishona kwa sindano tu, na wateja wa soli walilazimika kusubiri. Wengine walinuna wakachukua viatu vyao. Hakulalamika. Alifunga kitambaa kwenye nyundo isipige kelele, na chafya ikimjia aliibana mpaka macho yakamtoka. Alasiri tu, kwa muda wa saa moja, alivuka uwanja kwenda kubandika soli nyuma ya ukuta, mbali na nyumba. Hapo ilikuwa zamu ya mama, na mama akichoka, ilikuwa zamu ya Cherehani.

Moyoni Cherehani alimwona baba yake kuwa mtu wa ajabu. Hakuna baba mwingine pale mtaani aliyethubutu kufanya vile. Lakini kujivunia baba nyumbani ni jambo moja, na kumtetea mbele ya darasa ni jambo jingine. Siku moja Kiranja, msichana aliyesimamia darasa lao, alipita karibu na nyumba akamwona Fundi kwa mbali. Kesho yake alimwuliza Cherehani mbele ya wote, "Mbona baba yako ana tumbo kifuani? Ana mimba?"

Darasa zima lilicheka. Cherehani alisikia uso ukimwaka moto.

"Ameumia," alijibu. "Amefungwa bendeji."

Jumamosi iliyofuata, alasiri, Fundi alikwenda kubandika soli. Siku hiyo mama alikuwa ameshika zamu mapema, tangu adhuhuri, na alipoanza kuona giza machoni, alimkabidhi Cherehani mtoto na kuingia chumbani kulala. Cherehani alikaa sebuleni na Mgeni ndani ya shati, akihesabu pumzi zake ndogo. Mara akasikia sauti mlangoni.

"Hodi! Tumekuja kumpa pole baba yako!"

Alikuwa Kiranja na wenzake wawili, na walikuwa wamebeba machungwa. Cherehani alichanganyikiwa. Wakimkuta hivi, ile bendeji itaonekana ni bendeji gani. Haraka haraka akafungua kitambaa, akamlaza Mgeni kwenye kochi, akamfunika mablanketi matatu na kutoka nje huku akifunga mlango nyuma yake.

"Baba amelala," alisema. "Daktari amesema asisumbuliwe."

Alidhani wangeondoka baada ya dakika tano. Lakini wageni walikuwa na huruma ya kweli, nao walitaka kujua yote. Cherehani akaanza kushona. Baba alianguka kwenye ngazi. Alivunjika mbavu mbili, na Kiranja alipoguna kwa masikitiko, mbavu zikawa tatu. Mpaka walipoaga, kivuli cha ukuta kilikuwa kimefika katikati ya uwanja.

Alirudi ndani mbio na kufunua mablanketi. Mgeni alikuwa amelala kimya mno. Cherehani alishika nyayo zake, zilikuwa za baridi kama kijiko. Alimtekenya, hakushtuka. Alimwita mama kwa sauti iliyomtoka vibaya, na mama akaja akiyumba, akamweka mtoto kifuani na kumpa maziwa. Mgeni hakunyonya. Maziwa yalimwagika pembeni mwa mdomo.

Fundi aliingia wakati huohuo. Aliona nyuso zao, akaenda moja kwa moja kunawa mikono na kubadilisha shati.

"Alikuwa kifuani kwako muda wote?" alimwuliza binti yake.

"Ndiyo, baba," Cherehani alijibu.

Baba alimtia Mgeni kifuani na kwenda zahanati kwa hatua ndefu, Cherehani akimfuata nyuma. Mama hakuwa na nguvu za mwendo ule. Alibaki ameshika fremu ya mlango, akiwatazama mpaka walipokata kona.

Mkunga aliweka kipimajoto kwapani mwa mtoto, akasubiri, akakisoma mara mbili. "Thelathini na tano. Amepoa sana. Alikuwa wapi?"

"Kifuani kwa dada yake," alisema Fundi. "Muda wote. Huyu binti namwamini."

Mkunga hakufurahi kusikia hivyo. "Basi hapo ndipo ninapoogopa. Mtoto aliyekaa kifuani kwa mtu hapoi hivihivi. Akipoa, mara nyingi ni maambukizi yameingia kwenye damu. Itabidi nimchome dawa sasa hivi, kisha gari limpeleke hospitali kuu." Akavuta droo na kuanza kutoa sindano.

Cherehani aliutazama mkono wa Mgeni, mwembamba kuliko kidole gumba cha baba. Hapo ndipo wangetafuta mshipa. Alijua akisema, baba hatamwita tena binti anayemwamini. Alijua pia kwamba akinyamaza, mkunga atatibu ugonjwa usiokuwepo.

"Hakuwa kifuani," alisema. "Nilimlaza kwenye kochi. Karibu saa nzima. Rafiki zangu walikuja, nikaona aibu."

Fundi alimtazama tu, na Cherehani alitamani agombezwe.

Mkunga aliweka sindano juu ya meza. "Asante. Hilo nililihitaji sasa, si kesho," alisema. "Fundi, fungua shati. Tunampasha joto kwanza, na maziwa kidogo kidogo kwa kikombe. Nitampima kila robo saa. Asipopanda, sindano iko palepale, na gari nitaliita."

Robo ya kwanza kipimo hakikusogea. Ya pili kikapanda kidogo. Ya tatu, Mgeni akakunja uso, akafungua mdomo na kulia kilio chembamba cha hasira, na Fundi akacheka huku machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Saa nzima ilipotimia, alikuwa na joto la kutosha na alikuwa akimeza maziwa vizuri.

Mkunga alimkalisha Cherehani kwenye benchi, akakaa naye.

"Unajua kwa nini mdogo wako alikuja mapema?"

"Kwa sababu mama alikuwa hana damu."

"Na kwa nini hakuwa na damu? Mtoto tumboni hujengwa kwa damu ya mama, na damu hutokana na chakula na mapumziko. Mama yako alikosa vyote viwili. Kila alipokuja hapa nilimwuliza, 'Unakula?' Akanijibu, 'Nashiba.' Nikampa vidonge vya kuongeza damu, akavimeza tumbo tupu, vikamtapisha, akaviacha. Hakuniambia. Simlaumu, alitaka nyinyi mle. Lakini ningejua, ningemfundisha kuvimeza baada ya chakula, na baba yako ningemwambia ampakulie kwanza. Mimi siwezi kutibu nisichoambiwa. Leo umenisaidia kuliko kipimajoto changu."

Njiani Fundi alifunga kifungo cha mwisho cha shati juu ya Mgeni. Kisha akasema, "Umenidanganya, na imeniuma. Halafu umesema kweli mahali ambapo hata mtu mzima angeogopa. Kesho zamu yako iko palepale."

Jioni hiyo, kwa mara ya kwanza, sahani ya mama ilipakuliwa ya kwanza. Mama aliposema ameshiba, baba na binti walimtazama mpaka akashika kijiko tena, akicheka.

Jumatatu Cherehani aliwaeleza wenzake yote, mbavu tatu pamoja na kochi. Kiranja alinuna kwa ajili ya machungwa yake, lakini udadisi ulimshinda, na baada ya masomo alikuja na wenzake mpaka kwenye kigoda cha Fundi. Walisimama wakitazama sindano ikipanda na kushuka kwenye ngozi ya kiatu, na chini ya kidevu cha Fundi kile kikofia kikipanda na kushuka pia.

"Fundi," Kiranja aliuliza, "watu wakicheka huoni aibu?"

Fundi alimalizia mshono wake kwanza.

"Mwanangu, viatu hivi vinanitaka mikono. Kifua kinakaa bure. Aibu ningeiona kama ningekuwa na joto hili lote, halafu mtoto wangu afe kwa baridi nikiogopa kuchekwa."

Hakuna aliyecheka. Kiranja aliinama kidogo amwone vizuri yule aliyekuwa ndani ya shati, kisha akamgeukia Cherehani na kumwuliza mahali sabuni ilipo, anawe mikono.