Vifaranga Waliolaliana

Kila asubuhi kabla ya kengele, Profesa alipitia chumba cha nyuma ya karakana kuwaangalia vifaranga wa darasa lao. Hakuwa profesa wa kweli. Alikuwa msichana wa darasa la sita aliyepachikwa jina hilo kwa sababu ya kujua majibu mengi, na sifa zilikuwa zimeanza kumvimbisha kichwa.

Siku hiyo alimkuta Kimya, mwenzake wa zamu, amechutama kando ya boksi la vifaranga, lililoning'inizwa juu yake taa ya kuwapasha joto.

"Mbona wamerundikana hivi chini ya taa?" Kimya aliuliza. "Labda wanasikia baridi. Tuishushe taa kidogo tuone?"

"Itawaunguza! Wewe jaza maji."

"Sina hakika, lakini tukijaribu kidogo tu..."

"Kiongozi wa zamu ni nani hapa, mimi au wewe?"

Wenzao waliokuwa mlangoni wakacheka. Kimya akajaza maji.

Usiku ukaja upepo wa baridi. Asubuhi Profesa alipofungua mlango, vifaranga walikuwa wamelaliana chini ya taa, na wale wa chini hawakuamka. Akamwokota mmoja. Alikuwa mwepesi kama pamba, shingo imelegea.

Mwalimu wa sayansi alikuja mbio. "Kuna aliyeona dalili yoyote jana?"

Kimya aliinamisha macho. Hakutaka kumchongea mwenzake. Profesa naye angeweza kunyamaza yakaisha, ila alimlaza yule kifaranga, akamgeukia mwalimu.

"Kimya aliona, mwalimu. Mimi nikamkatiza."

Mwalimu hakumgombeza. Alimwambia Kimya aishushe taa kidogo kidogo, wakasubiri. Baada ya muda vifaranga waliosalia wakaachana, mmoja akaenda kunywa maji, wengine wakaanza kudonoa chakula.

Wakati wa mapumziko wasichana hao wawili walichimba shimo nyuma ya darasa.

"Kwa nini hukuning'ang'ania?" Profesa aliuliza.

"Ningekung'ang'ania vipi? Ulishanijibu kabla sijamaliza kusema."

Profesa, yeye aliyezoea kuwa na majibu, akaanza kuwalaza vifaranga waliokufa shimoni.

Mwalimu aliwakuta wakifukia. Akachuchumaa karibu nao.

"Huenda Kimya angekuwa amekosea," alisema. "Hata mimi jana nisingeapa kwamba ni baridi. Lakini kumuuliza, 'Kwa nini unafikiri hivyo?' kungekupunguzia nini, mwanangu? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wazo la mwenzako lisikilize kwanza, lijaribu, ndipo ulikubali au ulikatae. Ukilifukuza mlangoni, hutajua kamwe lilikuja na nini."

"Nisamehe, Kimya," Profesa alisema.

"Nimekusamehe," Kimya alijibu, akashindilia udongo kwa kiganja.

Msamaha ulikuwa wa kweli, na Profesa alilijua hilo. Ila waliokuwa chini ya udongo ule hawakuwa na masikio ya kuusikia.